Vifaranga vya Kamba Kwenye Maji ya Biofloki: Faida Iko Wapi?

Afrika bara haina kamba wa magando wa asili. Ina kaa wa mitoni na ina kamba wadogo wa maziwani, lakini yule mnyama wa maji baridi mwenye gamba gumu, mkia ulionona na magando mawili mbele hakuwahi kuwamo katika mto wowote wa bara hili mpaka binadamu alipomleta. Madagaska ndiyo pekee yenye wake, jamii ya Astacoides, wanaoishi kwenye vijito vya nyanda za juu. Kwa hiyo kila anayezungumzia kufuga kamba hawa Kenya, Tanzania au Uganda anamzungumzia mgeni, na historia ya wageni wa namna hii katika maji ya Afrika Mashariki haijasahaulika.

Siku hizi mgeni huyo anatajwa pamoja na biofloki, teknolojia ambayo imeshapokewa na baadhi ya wafugaji wa sato na kambale: tangi la turubai la mviringo, mipira inayopuliza hewa mchana na usiku, maji ya rangi ya kahawia yasiyobadilishwa kwa wiki nyingi. Maneno ya wauzaji ni matamu. Uchafu wa samaki unageuka kuwa chakula, maji yanaokolewa, eneo dogo linatoa mavuno makubwa. Kwa sato maneno hayo yana ushahidi wa kutosha. Kwa vifaranga vya kamba wa magando ni kweli nusu tu, kwa sababu nusu iliyobaki inategemea mambo ambayo biofloki yenyewe haiyatatui, yaani nafasi, maficho na umeme.

Spishi inayotajwa zaidi ni Cherax quadricarinatus, ambaye dume lake likikomaa huwa na doa jekundu ukingoni mwa gando. Kwao ni mito ya kaskazini mwa Australia na kusini mwa Papua Guinea Mpya, na Waaustralia walianza kumfuga kibiashara katika miaka ya 1980, hasa Queensland. Anapendwa kwa sababu zinazoeleweka. Anakula karibu kila kitu, anavumilia maji yenye oksijeni kidogo, na hahitaji chakula chenye protini nyingi kupita kiasi. Zaidi ya yote, hana hatua ya lava anayeelea. Kamba mkubwa wa maji baridi wa Asia, Macrobrachium rosenbergii, lazima lava wake wakuzwe kwenye maji yenye chumvi kiasi, na mfugaji wa bara aliye mbali na bahari hubaki akitegemea kituo cha mtu mwingine. Jike la Cherax halina masharti hayo. Hubandika mayai chini ya mkia, mara nyingi kati ya 300 na 800, na kuyabeba kwa wiki 6 hadi 10 kutegemea joto la maji. Yakianguliwa, watoto huendelea kumng'ang'ania mama yao huku wakikua. Siku wanapomwachia wanakuwa kamba kamili, wenye magando na mkia, ila kila mmoja ana uzito wa takribani gramu 0.02 tu.

Kuanzia hapo mfugaji anaanza kuhesabu hasara. Miongozo ya Queensland, mingi ikitokana na kazi ya mtafiti Clive Jones, inapendekeza bwawa la kukuzia lipandikizwe vifaranga vya gramu 5 hadi 15, kwa idadi ya 5 hadi 15 kwa kila mita ya mraba. Ina maana kwamba kabla ya kuingia bwawani kifaranga anatakiwa kuongeza uzito mara 250 au zaidi, na katika safari hiyo atalazimika kujivua gamba mara nyingi. Kwa kamba hilo si jambo la hiari. Gamba haliongezeki, kwa hiyo lazima livuliwe ili mwili ukue. Kwa saa kadhaa baada ya hapo mnyama ni laini kabisa, hawezi kupigana wala kukimbia, na jirani yake mwenye gamba gumu humla. Wanaoliwa ni wengi kuliko wanaokufa kwa njaa au kwa ugonjwa.

Gamba jipya linadai kalsiamu. Sehemu ndogo huwekwa akiba mapema katika vijiwe viwili vyeupe vinavyojengeka kwenye ukuta wa tumbo, na sehemu kubwa zaidi hutoka kwenye maji na chakula. Ndiyo maana magamba yaliyovuliwa hayaondolewi kwenye tangi, maana wenyewe huyala. Ndiyo maana pia maji laini ya mvua, ambayo mfugaji wa sato anaweza kuyatumia bila wasiwasi mkubwa, kwa vifaranga vya kamba ni mwanzo mbaya.

Biofloki nayo ilianzia kwa kamba, ila wa baharini. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Ufaransa waliokuwa Tahiti walianza kukuza kamba kwenye maji yaliyojaa vijidudu vinavyoelea. Miaka ya 1990 Yoram Avnimelech wa Israeli aliipa fikra hiyo hesabu yake akifanya kazi na sato, wakati Steve Hopkins na wenzake wakijaribu kamba kule South Carolina, Marekani.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 ina takribani gramu 48 za nitrojeni, na mnyama anaibakiza mwilini sehemu ndogo tu, karibu robo. Tuseme nusu ya nitrojeni yote inaishia majini ikiwa amonia. Hizo ni gramu 24 za sumu kwa kila kilo ya chakula. Bakteria wanaweza kuinyonya amonia hiyo na kujenga miili yao, mradi wapewe kaboni. Kila gramu ya nitrojeni hiyo inahitaji gramu 15 hadi 20 za wanga, kwa hiyo kilo ya chakula inaambatana na gramu 360 hadi 480 za wanga. Molasi inayotoka kwenye viwanda vya sukari ina sukari karibu nusu ya uzito wake. Mfugaji atamwaga gramu 700 hadi karibu kilo nzima. Unga wa muhogo au pumba zilizosagwa laini zinafaa pia, ingawa bakteria huzitumia taratibu zaidi. Bakteria wakishaongezeka hushikamana na mwani, uozo na vijidudu vingine wakawa mabonge madogo yanayoelea. Mabonge hayo ndiyo biofloki, na kwa kuwa yana protini, mnyama anaweza kuyala.

Lakini bakteria nao wanapumua. Kunyonya gramu moja ya nitrojeni ya amonia kwa njia hii kunatumia karibu gramu 4.7 za oksijeni na kula gramu 3.6 za alkalini ya maji. Bakteria wa aina nyingine, wanaogeuza amonia kuwa nitraiti kisha nitreti, hutumia oksijeni karibu sawa na hiyo lakini alkalini mara mbili, takribani gramu 7. Kwenye tangi la biofloki makundi yote mawili yanafanya kazi pamoja. Usipoongeza chokaa au sodiamu baikaboneti, maji yatageuka kuwa tindikali, na kamba itamwia vigumu zaidi kupata kalsiamu ya gamba. Hapa angalau mahitaji ya bakteria na ya mnyama yanakutana: chokaa ileile inawahudumia wote.

Kwingineko hayakutani hivyo. Sato ni muogeleaji. Kamba mweupe wa baharini, Litopenaeus vannamei, anayefugwa kwenye biofloki kwa mamia kwa kila mita ya mraba, anaogelea pia na kutumia tangi lote kuanzia chini hadi juu. Cherax ni mtembeaji. Anakaa sakafuni, anapanda ukutani, anajibanza kwenye tundu, na uwezo wake wa kuishi na wenzake unaishia pale nafasi ya kutembea inapoisha. Tangi lenye kipenyo cha mita 4 na kina cha mita 1 lina maji ya mita za ujazo 12.6. Muuzaji wa tangi atataja ujazo huo. Kwa kamba, tangi hilo ni sakafu ya mita za mraba 12.6, na maji yaliyo juu ya sakafu ni kama chumba chenye dari ndefu kisicho na rafu.

Basi rafu ziwekwe. Vipande vitano vya neti, kila kimoja cha mita 1 kwa 3, vikining'inizwa wima vinaongeza mita za mraba 30 ukihesabu pande zote mbili, zaidi ya maradufu ya sakafu. Wafugaji wa Australia kwa muda mrefu wametumia mabunda ya neti za plastiki, ikiwemo mifuko ya vitunguu, ile ambayo katika soko lolote la Afrika Mashariki inapatikana kwa bei ya kutupwa. Vifaranga huingia kwenye mikunjo yake, wakajivua gamba humo, wakatoka wakiwa wamekomaa gamba. Kwa waliokua kidogo, vipande vya bomba la plastiki vinafaa zaidi.

Neti hizo zina faida ya pili ambayo huenda ni kubwa kuliko ya kwanza. Juu yake huota utando wa bakteria, mwani na wadudu wadogo, na kifaranga wa Cherax ni mlaji anayekwangua. Chakula kilichobandikwa mahali anakifikia vizuri zaidi kuliko bonge linaloelea na kumpita. Mwaka 2012 watafiti wa Argentina walichapisha utafiti juu ya utando wa namna hiyo na mchango wake katika ubora wa maji, uhai na ukuaji wa vifaranga vya spishi hii. Anayefikiria biofloki kwa kamba angefanya vizuri kuanza na utando, kisha auhesabu mchango wa mabonge yanayoelea kuwa nyongeza.

Upande wa hatari ni tope. Mabonge yakizidi hushuka, na yanaposhuka hukaa palepale kamba anapoishi. Chini ya tabaka hilo hewa inakwisha na gesi zenye sumu huanza kujengeka. Kipimo cha kawaida ni koni ya Imhoff: lita moja ya maji huachwa ituame, kisha kusomwa mililita ngapi za tope zimekaa chini. Kwa sato, mililita 25 hadi 50 zinakubalika. Kwa kamba wa baharini 10 hadi 15 zinatosha. Mfugaji wa Cherax hana sababu ya kuvuka kiwango cha kamba wa baharini, na tangi lake lazima liwe na bomba la kutolea tope katikati. Hewa nayo isambazwe kiasi cha kuyafanya maji yazunguke bila kuwatikisa vifaranga kwenye neti zao.

Kosa linaloua vifaranga wengi kwa mkupuo mmoja ni kupandikiza mapema. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Amonia hupanda kwanza, ikishuka nitraiti inapanda, na mzunguko huo huchukua wiki kadhaa kabla ya maji kutulia. Nitraiti huingia mwilini mwa kamba kupitia njia ileile ya matamvua inayovuta kloraidi, ndiyo sababu chumvi ya kawaida kidogo, gramu moja au mbili kwa lita, hupunguza madhara bila kumsumbua mnyama. Hata hivyo chumvi haichukui nafasi ya subira. Maji yaandaliwe wakati majike bado yamebeba mayai. Rangi ya mayai inatoa kalenda, maana huanza na ukijivu au kijani cha zeituni, yakawa kahawia, kisha macho yakaonekana na mayai yakaelekea rangi ya chungwa na wekundu kabla ya kuanguliwa.

Kalenda hiyo ina kazi nyingine. Bwawa la mita za mraba 1,000 likipandikizwa kamba 10 kwa mita linahitaji vifaranga 10,000. Jike moja likitoa watoto 500 na nusu wakapona, yatahitajika majike 40, na yote yaachie watoto ndani ya siku chache. Wakitofautiana wiki tatu, wakubwa watawamaliza wadogo. Ndiyo maana Queensland walifika mahali pa kuyavua mayai kutoka kwa majike na kuyaangulia kwenye mashine, ili wapate vifaranga wa umri mmoja. Mfugaji mdogo asiye na mashine anaweza kuyapanga majike kwa rangi ya mayai, kila kundi na tangi lake. Ni kazi ya jicho na daftari, na pengine inaokoa vifaranga wengi kuliko molasi.

Umeme unastahili aya yake. Maji ya nyuzi joto 28 yakijaa hewa yana oksijeni ya takribani miligramu 7.8 kwa lita. Biofloki iliyokomaa hupumua kiasi cha miligramu 6 kwa lita kwa saa. Hesabu ni fupi: umeme ukikatika saa nane usiku, saa tisa tangi linaelekea mwisho wake. Cherax ana nafuu moja ambayo sato hana, kwamba anaweza kupanda hadi usawa wa maji na hata kutoka nje akatembea. Nafuu hiyo inamgeukia mfugaji: asubuhi atawakuta kamba sakafuni, uani na mtaroni. Bila jenereta au betri inayowaka yenyewe, tangi la biofloki halifai kujengwa, hata kama mwenye nalo anaishi hatua kumi kutoka hapo.

Joto pia linachagua mahali. Spishi hii hustawi kati ya nyuzi 23 na 31, na chini ya 23 hupoteza hamu ya kuzaana. Pwani, Morogoro au kandokando ya Ziwa Viktoria panafaa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyanda za juu za Kenya au Iringa zitadai nyumba ya plastiki au hita, na gharama hiyo juu ya gharama ya hewa inatia shaka.

Inafaa pia kutazama wakubwa wa biashara hii wanafanya nini. China huzalisha kamba wa magando zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka, kiasi kisichofikiwa na nchi nyingine yoyote. Spishi yao ni Procambarus clarkii wa Louisiana, aliyefika Nanjing kutoka Japani mwaka 1929, na sehemu kubwa inakuzwa kwenye mashamba ya mpunga ya Hubei na majimbo ya jirani. Louisiana kwenyewe wanatumia mpunga vilevile. Mabua yanaoza, wadudu wanazaliana, kamba anakula. Hakuna tangi wala molasi. Biofloki haijawashawishi kuacha mpunga katika hatua ya kukuza, na haielekei itawashawishi, kwa sababu kamba mkubwa anahitaji eneo, na eneo la shamba ni rahisi kuliko eneo la tangi.

Huyo Procambarus ndiye aliyeacha alama Afrika Mashariki. Alipelekwa Uganda katika miaka ya 1960, na hadi leo kamba wa Ziwa Bunyonyi ni chakula maarufu kwa watalii. Kutoka Uganda aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970. Uvuvi ulianza miaka michache baadaye na mzigo ukasafirishwa Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea iliyozama ya ziwa hilo na mayungiyungi yake yalikuwa yametoweka kwa kiasi kikubwa, kamba akiwa miongoni mwa wahusika wakuu, na baada ya hapo uvuvi wake nao ukaporomoka. Haki itendeke, mnyama huyu alileta pia faida ambayo haikutarajiwa. Anakula konokono wanaoeneza kichocho, na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na Gerald Mkoji na wenzake ulionyesha kwamba katika mabwawa madogo ya vijijini Kenya kamba waliofanikiwa kuzaliana walipunguza konokono na maambukizi kwa watoto wa shule.

Cherax mwenyewe ana kesi yake Zambia. Aliletwa kwa ajili ya ufugaji, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa ameshatoroka hadi kwenye mabonde ya Kafue na Ziwa Kariba. Leo anapatikana katika sehemu kubwa ya Zambezi, mpaka Cahora Bassa upande wa Msumbiji. Wavuvi wanalalamika kwamba anatafuna samaki walionaswa nyavuni kabla hawajavuliwa. Hakuna njia inayojulikana ya kumwondoa mtoni.

Kuna kisa kingine kinachopaswa kumfanya mfugaji afikiri mara mbili. Kamba wa Amerika, akiwemo Procambarus, hubeba kimelea kiitwacho Aphanomyces astaci bila kuugua sana, ilhali kamba wa Ulaya na Australia wanakufa nacho. Kimelea hicho kimeangamiza kamba wa asili wa Ulaya tangu kilipojitokeza bonde la Po, Italia, karibu mwaka 1860. Mahali ambapo Procambarus wameshatawala, kama Naivasha au Bunyonyi, kuleta Cherax na kumpa maji ya ziwa ni kumkaribisha kwenye hatari hiyo.

Ajabu ni kwamba hapa ndipo biofloki inapopata hoja yake yenye nguvu kuliko zote, na wauzaji wanaisahau. Tangi lililofungwa, lisilotoa maji ovyo na lenye ukingo wa plastiki laini unaomtelezesha kamba, ni gereza bora kuliko bwawa la udongo. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inadumu kwa muda mfupi tu kama vifaranga wataishia kwenye bwawa lililo kando ya mto. Anayetaka kuitumia biofloki kama kinga lazima aendelee kuwafungia hadi sokoni, na hapo hesabu ya sakafu na neti inarudi kwa ukali zaidi, kwa kuwa kamba wa gramu 60 anadai nafasi mara nyingi kuliko wa gramu 2.

Kwa hali ilivyo, biofloki kwa kamba wa magando inafaa kama kitalu cha muda mfupi chenye neti nyingi, tope kidogo na umeme wa akiba, katika nchi ambayo spishi hiyo imeruhusiwa kisheria. Haifai kama njia ya kumtajirisha mwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba. Huyo atapata faida mapema zaidi kwa sato au kambale, ambao soko lao liko mlangoni. Sheria ya uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya 2016 zote zinaweka uingizaji wa viumbe hai wa majini chini ya kibali. Mtu akikuuzia vifaranga vya kamba hawa, mwombe kwanza karatasi ya kibali cha kuwaingiza nchini, uipeleke kwa ofisa uvuvi wa wilaya yako, na usitoe hata shilingi kabla hajakujibu.